Bomba la Udongo Kule Mbingu

Siku daktari wa Kijerumani alipofika mahali petu pa kuchomea vyungu, shangazi yangu alidhani amekuja kukamata mtu. Alijifuta udongo mikononi, akaninong'oneza, "Wewe bado una miguu, kimbia. Mimi watanikuta hapa hapa." Sikukimbia. Vyungu vilikuwa motoni, na mfinyanzi hakimbii vyungu vikiwa motoni hata kama amekuja simba.

Daktari alikuwa mrefu, mwembamba, pua yake inabambuka ngozi kwa jua. Alishika mwavuli mweusi kwa mkono mmoja na kofia kwa mkono wa pili, kama hana hakika kipi kati ya hivyo viwili kitamsaidia. Nyuma yake alisimama mtu wa pwani, kanzu ameikunja mpaka magotini, miguu imejaa tope.

"Jambo, mama wa vyungu," daktari akasema. Kiswahili chake alikuwa amejifunza kitabuni, akikitoa neno moja moja kama mtu anayepanga mayai. "Mimi ninataka vyungu bila matako."

Shangazi akanitazama. Mimi nikatazama moto.

"Vingi sana," akaongeza. "Vyote bila matako."

Siku zile kumcheka Mzungu mbele yake halikuwa jambo dogo. Watu walikuwa wamelazwa kifudifudi na kuchapwa viboko kwa makosa madogo kuliko hayo. Lakini tumbo la shangazi lilianza kutikisika, naye akageuka upande, akajifanya anakohoa kwa moshi. Alikohoa sana.

Yule mtu wa pwani akachuchumaa mbele yake. "Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba," shangazi akajibu, machozi yanamtoka.

"Msimcheke bwana, mwenyewe ana haraka. Anataka kitu kama mwanzi, lakini wa udongo." Akaokota kijiti, akachora chini. "Huku mdomo mpana, huku mwembamba. Huu mwembamba uingie kwenye mpana wa mwenzake, na huo mwingine uingie kwenye mwingine, hivyo hivyo kutoka kule mlimani mpaka nyumbani kwa bwana. Halafu ndani yake yapite maji."

Aliposema neno hilo, kicheko cha shangazi kikakatika. Mimi nilichukua kuni, nikaisukuma motoni ingawa moto haukuhitaji kuni.

Ni lazima nieleze. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma, na baada ya vita ikaja njaa iliyomaliza watu kuliko risasi. Mume wangu alinyunyiziwa ile dawa, akaambiwa risasi zitageuka maji, akaondoka na wenzake kuelekea boma la Mahenge. Hakurudi. Hatukuletewa habari wala mwili. Mimi nilihamia Mbingu kwa shangazi, chini ya milima, nikashika udongo kwa kuwa udongo haukuuliza maswali. Tangu hapo kila mtu bondeni alikuwa na namna yake ya kulikwepa lile neno. Ukienda mtoni, unasema unakwenda mtoni. Mgeni akitaka kunywa, anasema ana kiu. Hakuna aliyetukataza, ila tulijikataza wenyewe.

Lakini yule mtu wa pwani, fundi wa daktari, alikuwa mgeni, akaendelea kulitaja kama mtu anayetaja chumvi.

Tukaelewa polepole. Daktari alikuwa amejenga nyumba yake na chumba cha dawa karibu na njia iendayo Ifakara. Ndui ilikuwa inapita vijijini, naye alikuwa na dawa ya kuchanja watu, lakini dawa ile ikipata joto inaharibika, na Mbingu miezi ya joto hata kivuli kinatoka jasho. Alikuwa ameagiza mabomba ya chuma. Yalipanda mto kwa mitumbwi, na karibu na Ifakara kiboko akaupindua mtumbwi mkubwa. Wapagazi waliogelea wakafika ukingoni. Mabomba hayakuogelea.

"Sasa hayo maji na joto vinahusiana vipi?" shangazi akauliza. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kati yetu kulitamka.

Fundi akauonyesha mtungi wetu wa kunywea, uliokuwa kivulini, umelowa kwa nje. "Kwa nini yaliyomo humu ni ya baridi?"

"Kwa sababu mtungi unatoka jasho, na upepo unalifuta."

"Basi bwana anataka nyumba inayotoka jasho. Kuta zitakuwa mikeka ya nyasi, maji yatadondoka juu yake mchana kutwa, upepo utapita katikati. Ndani patakuwa kama ndani ya mtungi."

Shangazi akamtazama daktari kwa macho mapya. Akaniambia kwa lugha yetu, "Kumbe ana akili. Anataka kukaa ndani ya chungu." Kazi tukaichukua.

Sitasema ilikuwa kazi nyepesi. Chungu kina tumbo, na tumbo linajua kusimama. Bomba halina tumbo. Tulichukua vijiti vinene vilivyonyooka, tukavipaka majivu ili udongo usigande, tukavizungushia udongo kama unavyofunga kidonda kwa kitambaa, tukasubiri ukauke kidogo, tukachomoa kijiti. Ya kwanza yalitoka yamepinda kama mguu wa mbuzi. Fundi aliyapanga chini kwenye mstari, akarudi nyuma kuyatazama, akasema kwa upole, "Haya yatapeleka maji kwa jirani."

"Jirani naye ana kiu," shangazi akamjibu, lakini tukayaponda, tukaanza upya.

Tulipoyazoea, tukawa tunayachoma kwa mafungu. Yakitoka motoni yangali mekundu, tunayamwagia maji ya magome yaliyochemshwa mpaka yakawa meusi, kama tunavyofanya kwa vyungu ili visivuje. Mvuke unaruka, na harufu yake inabaki kwenye nguo hata ufue mara ngapi. Nilinuka magome miezi yote ile.

Fundi alikuja kila siku kuyapima. Alikuwa mtu wa kusemasema. Nyumbani kwao alianza kama kalafati, mtu anayeziba nyufa za vyombo vya baharini kwa pamba na mafuta, baadaye akajenga mabirika ya misikiti, ndipo daktari akamwajiri. Alilalamika juu ya ruba, juu ya mbu, juu ya kambare, samaki ambaye alikataa kumla kwa sababu, alisema, ana sharubu kama mjomba wake. Alizungumza na mabomba. Analiinua moja, analiweka jichoni, ananitazama kupitia upande wa pili. "Nakuona," anasema.

"Umeona nini?"

"Nimeona limenyooka."

Shangazi aliyasikia haya yote, akawa anatikisa kichwa na kufinyanga kwa nguvu zaidi.

Vibarua walichimba mtaro kutoka kwenye kijito mlimani, wakaupitisha vichakani mpaka kwenye chumba cha dawa. Juu kabisa fundi aliweka lango dogo la ubao, la kufungua na kufunga. Tukayalaza mabomba, moja mdomoni mwa jingine, naye akaziba kila kiungo kwa pamba aliyoilowesha chokaa na mafuta ya ufuta, akiisindilia kwa kijiti kama mtu anayemlisha mtoto asiyetaka kula. Alinifundisha na mimi. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba kuliko vyake, vikafika alikoshindwa kufika.

Nilidhani tukimaliza kulaza tumemaliza. Fundi alicheka. "Bado hatujalihoji."

Namna yake ya kulihoji bomba ilikuwa hivi. Unaziba mwisho wa chini kwa kizibo cha mti kilichofungwa kitambaa. Unafungua juu, unajaza mpaka bomba lote linashiba, kisha unafunga. Halafu unapita na kikapu cha majivu makavu, unanyunyiza juu ya kila kiungo, unakwenda kukaa kivulini. Ukirudi, kiungo kizima majivu yake ni meupe. Kiungo kinachovuja, hata kwa jasho dogo usiloliona kwa macho, majivu yake yameshika weusi.

Mara ya kwanza tuliporudi kutoka kivulini mtaro mzima ulikuwa madoadoa kama kanga. Fundi alikaa chini, akaweka mikono kichwani. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Haya. Angalau tunajua yanakotoka." Tukafumua, tukaziba upya, siku kwa siku, na katika kuziba tukazungumza.

Siku moja aliniuliza habari za mume wangu. Hakuuliza kwa kuzungukazunguka. "Alikufa vitani?"

"Alikwenda vitani," nikasema. "Kufa kwake sikukuona."

"Na wewe ulinyunyiziwa?"

"Wote tulinyunyiziwa. Mimi nilishikilia kibuyu."

Akaendelea kusindilia pamba. Baada ya muda akasema, "Kwetu pwani watu waliwacheka waliokunywa dawa ile. Mimi sikucheka. Mtu akichoka sana, akipewa maji atakunywa." Nikachukua pamba nyingine. Siku hiyo kazi yangu ilikwenda vizuri kuliko siku zote.

Ikafika siku ya jaribio la pili. Mtaro ulikuwa mrefu, unapinda vichakani, aliye juu hamwoni aliye chini. Kwa hiyo fundi akatupanga. Yeye atakuwa juu langoni. Mimi katikati. Shangazi chini kabisa, penye kizibo, na kitundu kidogo cha kutolea upepo. Maji yakifika na kutoka kwenye kitundu, shangazi apige kelele, mimi niipokee niipeleke juu, naye afunge haraka, kwa maana bomba la udongo likilemewa hupasuka.

"Nipige kelele gani?" shangazi akauliza.

"Sema tu yamefika. Sema 'Maji!'"

Hakuna aliyefikiri. Mimi mwenyewe sikufikiri, na ningepaswa kuwa wa kwanza. Ng'ambo ya njia, juu ya kilima kidogo, palikuwa na kituo kidogo cha askari, na mkubwa wao alikuwa shaushi mmoja mnene mwenye masharubu, aliyekuwa Mahenge siku boma liliposhambuliwa. Watu walisema mpaka leo halali bila buti.

Nikasimama katikati ya mtaro, nimeweka sikio kwenye bomba. Nikasikia yanapita. Sauti ile sijaisahau, kama watu wengi wanaonong'ona chumba cha pili. Nikatabasamu peke yangu. Kisha kutoka chini nikasikia shangazi, na shangazi yangu hakuwa na sauti ndogo.

"Maji! Maji!"

Mwili wangu ulisimama. Nilikuwa sijalisikia hivyo, likiitwa kwa nguvu mara mbili, tangu siku wanaume walipoondoka. Lakini bomba lilikuwa linajaa na fundi anasubiri, nikajikuta nimejaza kifua, nikaliita kuelekea mlimani kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Maji! Maji!"

Vibarua waliokuwa wametapakaa mtaroni, nao waliochoka na chokaa na pamba, wakafurahi. Wakalipokea wote. "Maji! Maji! Maji! Maji!" Likapanda mlima, likagonga majabali, likarudi.

Baragumu likalia kituoni. Kisha bunduki.

Walipiga hewani, nashukuru, lakini sisi hatukujua kuwa ni hewani. Majembe yalibaki yamesimama, wenye majembe hawakuwapo. Mimi nililala mtaroni, uso kwenye udongo. Niliposikia vishindo vya mtu anakimbia nilidhani ni askari, nikafumba macho. Alikuwa fundi. Watu wote walikuwa wamekimbilia juu, porini. Yeye peke yake alikuwa ameteremka, kanzu mkononi, anaita, "Bibi! Bibi, uko wapi?"

"Lala chini, mjinga wewe!" nikamwambia.

Akalala. Askari wakatukuta hapo hapo, sote wawili, tumelala mtaroni kama mabomba. Walitufunga mikono kwa kamba moja, wakatuswaga mpaka kwenye nyumba ya daktari, ambako tulimkuta shangazi amezungukwa na bunduki, amekaa juu ya kizibo chake, mikono myeupe kwa majivu. Alikataa kuinuka.

"Nikiinuka kinachomoka," alikuwa anawaambia. "Nimeambiwa nikishikilie. Mtanipiga risasi nimekaa."

Shaushi alikuwa ametoka jasho mpaka kwenye masharubu. Nilitegemea kumwona na hasira, lakini nilimwona ana hofu, na hofu ya mtu mwenye bunduki inatisha kuliko hasira yake. "Nani anagawa dawa?" akauliza. "Kibuyu kiko wapi? Nani mganga wenu?" Akamtazama fundi. "Wewe wa pwani. Wewe ndiye umeleta!"

Watu walikuwa wamenyongwa kwa maneno kama hayo. Nililijua hilo vizuri. Nilimfikiria mume wangu, kwamba huenda naye alisimama hivi mahali fulani, na kamba. Fundi akaniinamia. Nikadhani atanipa neno la kunitia moyo.

"Ulilifunga lile lango la juu?" akanong'ona.

"Aliyekuwa juu ni wewe!"

Akageuza uso kuelekea mlimani. "Basi liko wazi," akasema.

Shaushi alikuwa amesimama ukingoni mwa mtaro, mguu mmoja juu ya kiungo cha mwisho, anatoa amri ya kutupeleka kituoni. Hakuimaliza. Bomba lilitoa mlio kama tikiti linapopasuka, na maji yote ya kijito yaliyokuwa yamesukumana nyuma ya kizibo cha shangazi yakapata mlango. Yakampiga shaushi kifuani. Yakampokonya kofia. Alikaa chini topeni, buti juu, na akaendelea kunyeshewa, kwa sababu kila alipojaribu kusimama yalimkalisha tena.

Hakuna aliyecheka. Askari wake walikuwa wamekodoa macho, na mmoja, mtu mfupi kutoka mbali sana ambaye hata Kiswahili hakukijua vizuri, alirudi nyuma hatua baada ya hatua mpaka akagonga ukuta.

Hapo ndipo daktari akatoka ndani, povu la kunyolea shavu moja, shavu la pili limekwisha nyolewa. Akamtazama shaushi. Akatutazama sisi na kamba yetu. Akalitazama bomba lake.

"Nani amevunja bomba?" akauliza.

Shaushi alijitahidi kupiga saluti akiwa amekaa. "Bwana daktari, hawa watu wanagawa maji!"

"Ndiyo," daktari akasema. "Mimi nimewaamuru wagawe maji."

Shaushi akajifuta maji usoni. "Wanaita, bwana. Wanaita Maji Maji."

"Waite nini? Hii ni maji." Akayaonyesha kwa wembe. Kisha nikaona uso wake unabadilika, upande wa povu na upande usio na povu, kama mtu aliyekumbuka nchi aliyomo. Akashuka ngazi, akaja mwenyewe, akaikata kamba yetu kwa ule wembe wa kunyolea. Wembe ulipita karibu sana na ngozi yangu, nami nikauogopa kuliko nilivyoogopa bunduki.

Fundi hakungoja shukrani. Alishika njia ya mlimani, anakimbia, kwenda kufunga lango. Shangazi ndipo akainuka kwenye kizibo, akajipangusa, akamwambia shaushi, "Pole, baba. Njoo ukaote moto wa vyungu, utashikwa na homa." Na shaushi, sijui kwa nini, akaenda. Alikaa kwenye moto wetu saa nzima, buti zake zimewekwa kando kukauka. Aliuliza tu ukoo wetu unatoka kijiji gani, na shangazi alipomtajia, aliinamisha kichwa. Kijiji hicho kilikuwa kimechomwa moto na yeye, au wenzake. Shangazi alimpa kata ya pombe, akaipokea kwa mikono miwili.

Kesho yake ikatoka amri kutoka kituoni: mabomba yaendelee, lakini lile neno lisiitwe tena kwa sauti mahali ambapo askari wanasikia. Tukakaa tukatafuta neno jingine. Fundi alipendekeza "Tayari," shangazi akasema hilo halipandi mlima. Mimi nikasema tuite "Uji," kwa maana ni fupi na sauti yake inavutika.

Siku ya jaribio la tatu mabomba yalikuwa yameshika vizuri. Shangazi akaita, "Ujiii!" Mimi nikapeleka, "Ujiii!" Vibarua wote wakatupa majembe, wakateremka mbio na vibuyu vyao, wengine wanasukumana, na nyuma yao, nikiwatazama kwa macho yangu, askari wawili wa kituoni na vikombe vya bati. Ilibidi daktari aagize sufuria kubwa ipikwe kweli, la sivyo kungekuwa na vita vingine.

Lakini fundi alikuwa amefunga lango kwa wakati. Tulipita na kikapu cha majivu watu wakinywa uji, tukarudi, na mtaro mzima ulikuwa mweupe, kiungo baada ya kiungo, kutoka chini mpaka kijitoni. Nilitembea nao wote. Fundi alitembea upande wa pili wa mtaro. Tulipofika juu alilitazama lango, akalitazama tena, ingawa lilikuwa limefungwa.

Mikeka tuliisuka kwa nyasi ndefu za bondeni, tukaitundika pande zote za chumba cha dawa, bomba likapita juu yake limetobolewa vitundu. Mchana jua lilipokuwa kali, daktari alitualika tuingie. Nilivuka kizingiti nikahisi ngozi ya mikono inasisimka. Ndani palikuwa na mwanga wa kijani, harufu ya nyasi mbichi, na sauti ya matone. Shangazi alisimama katikati, akafumba macho. "Kweli," akasema, "hivi ndivyo maji yanavyojisikia mtungini."

Watu waliogopa kuchanjwa. Dawa ya Mzungu, katika nyumba inayodondoka maji, na askari mlangoni: kila kitu kilikuwa kibaya. Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa mkono, baada yake mimi, na wa tatu, mbele ya watu wote, alikuwa shaushi, aliyegeuza uso na kubana meno kama anakatwa mguu. Baada yake watu walipanga mstari. Wengine nafikiri walikuja kwa ajili ya ubaridi tu. Shaushi mwenyewe alianza kupita kila adhuhuri kukagua usalama wa chumba, na usalama huo ulihitaji alale humo mpaka jua lipungue. Bila buti, daktari alituambia.

Ndui ilipopita Mbingu, ilichukua wachache. Vijiji vingine havikuwa na bahati hiyo.

Kazi ilipokwisha fundi hakuwa na sababu ya kukaa, na bado alikaa. Alikuja kukagua mabomba ambayo hayakuwa na kasoro. Mwisho shangazi akachoka. "Wewe mtu," akamwambia, "kuna kinachovuja hapa?"

"Hapana, mama."

"Basi unatafuta nini?"

Akanitazama, akatazama miguu yake. "Natafuta mjomba wa kuzungumza naye," akasema.

Mjomba wangu alikuwa Ifakara. Tulivuka mashamba na mabwawa kwenda kwake, fundi akiwa amevaa kanzu safi aliyoibeba kichwani njia nzima ili isiguse tope. Maneno ya posa yalikuwa marefu, kwa sababu ya dini, kwa sababu ya ugeni, kwa sababu watu wetu walishazikwa wengi na hawakutaka kutoa hata mmoja kwenda mbali. Akaahidi kwamba hatanipeleka pwani. Ahadi hiyo aliishika. Tulikaa Ifakara, yeye akiwajengea wenye maduka mabirika ya mvua, mimi nikifinyanga.

Siku tuliyohamia, shangazi alitusindikiza, akabeba mtungi wetu wa harusi. Alisema atalala usiku mmoja tu, aone kama paa halivuji, kisha arudi Mbingu kwenye vyungu vyake. Asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba ameshachimba shimo la udongo, anauonja kwa ncha ya ulimi.

"Una mchanga kidogo," akasema, "lakini nitauzoea."